Laptopu haipandi kasi, au inapanda halafu inajibana: pita hapa kabla hujafikiria kuovakloki

Wakuu, mtu anakuja anataka kuovakloki laptopu, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie zaidi ya kasi iliyopangiwa kiwandani, ukimuuliza ina shida gani anakwambia nzito, ukiifungua unakuta prosesa ya gigahezi 3.4 inatembea kwa 0.79. Sasa hapo unaovakloki nini? Handibreki imevutwa halafu dereva anaulizia bei ya injini kubwa. Nimezipanga hapa shida zinazojirudia kila siku, nimeanza na ile inayosumbua watu wengi zaidi, na ndani ya kila shida sababu iliyozoeleka ndo inakuja kwanza.

Kabla ya yote, jua kusoma namba

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance halafu CPU. Utaona Base speed, hiyo ndo kasi ambayo mtengenezaji anaahidi kwa kazi nzito ya muda mrefu, na Speed ndo inayotembea sasa hivi. Tuchukue i5-8250U ambayo utaikuta sana kwenye laptopu used: base yake gigahezi 1.6, turbo (kasi ya juu kabisa, ya muda tu) 3.4, kori 4, wati 15. Watu wanasoma 3.4 kwenye tangazo wanadhani ndo mwendo wa kila siku, kumbe 3.4 ni zawadi, inatolewa pale ambapo joto, umeme na muda vyote vimeruhusu. Kimoja kikigoma inashuka.

Pakua HWiNFO, ni ya bure, inakuonyesha joto na wati. Kama ni Intel ongeza ThrottleStop, nayo bure. Ndani ya ThrottleStop kuna kitufe kimeandikwa Limits, kibonyeze kitafungua kidirisha kidogo chenye viboksi, chekundu maana yake kitu hicho kinaibana mashine sasa hivi, cha njano kimewahi kuibana ila kimeachia. Hicho kidirisha kitakuokolea wiki nzima ya kubahatisha, na kila nitakachosema hapa chini kinaanzia pale. Ipe mashine kazi ya kuitesa, Cinebench au hata TS Bench iliyomo humohumo, iache dakika kumi huku unaangalia.

Imeganda kwenye 0.79 au chini ya hapo, hata ukifungua Notepad inakokota

Joto liko 45, feni kimya, mashine imekufa ganzi. Ukiangalia Limits utakuta BD PROCHOT imewaka nyekundu. Hiyo ni njia ya taarifa ambayo vifaa vingine kwenye ubao vinaitumia kuiambia prosesa ipunguze mwendo, yaani anayelalamika siyo prosesa, kuna mwingine. Anayeongoza kwa kulalamika ni chaja.

Dell nyingi zenye kichwa cha duara zina kipini chembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kile hakipelekei betri umeme, kinapeleka utambulisho, mimi ni chaja ya wati 65, mimi ni ya wati 90. Chaja feki haina kichipu cha utambulisho, au kipini kimepinda kwa kuchomekwa gizani, au waya wake mwembamba umekatikia ndani, basi mashine inashindwa kujua huyu aliyenichomeka anaweza kunilisha kiasi gani, inaamua kujibana na betri haichaji. Na inasema kabisa! Ikiwaka inakuandikia kwamba aina ya chaja haijulikani, ila mtu anabonyeza F1 aendelee, kila asubuhi, mwaka mzima.

Pima hivi. Chomoa chaja ubaki na betri, subiri dakika moja, angalia Speed. Ikiruka ikafika 2 na kitu basi mchawi ni chaja au tundu lake. Azima chaja og, volti zilezile (hizo Dell za duara ni 19.5), wati sawa au zaidi, ujaribu. Ukipata nafasi ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine, inafunguliwa kabla Windows haijawaka) kwa F2, kuna sehemu inaandika adapta imetambulika kuwa ya wati ngapi. Ukiwa na chaja og iliyojaribiwa kwa mwenzio ikafanya kazi na kwako bado haitambuliki, tatizo ni tundu la chaja kwenye mashine yako, hilo ni la fundi, anabadilisha kile kipande.

Wanaochajia kwa Type-C nao: chaja ya simu ya wati 18 itaingia vizuri tu, hata taa ya kuchaji pengine itawaka, ila mashine nyingi zinataka 45 au 65, kwahiyo usishangae ikitambaa.

Kama hata kwa betri peke yake bado 0.79, zima kabisa, chomoa chaja, betri kama inatoka itoe, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30, rudisha ujaribu. Isiposaidia hiyo, angalia betri yenyewe. Betri iliyochoka sana inaweza kuifanya mashine ijibane, MacBook za zamani za Intel kwa mfano ukizitoa betri zinashuka kasi makusudi manake chaja peke yake haitoshi pale turbo inapovuta kwa ghafla. La mwisho kabisa ni sensa ya joto kwenye ubao imekufa inatoa taarifa ya uongo, hiyo haiji mara nyingi lakini ipo.

Sasa kuna njia ya mkato ambayo wote mnaijua, kutoa tiki ya BD PROCHOT kwenye ThrottleStop, na mashine inafufuka palepale. Mi nishaifanya kwenye laptopu ya jamaa anaedit video za harusi, alikuwa na haraka ya kukabidhi kazi, nikamwambia badilisha chaja wiki hii, hakubadilisha na mi sikufuatilia, wiki mbili baadae plastiki ya chaja imelainika kama mshumaa juu ya zulia. Prosesa haikuwa na shida, ile ina breki yake nyingine ya ndani kwenye nyuzi 100 ambayo tiki hiyo haiigusi. Kinachoungua ni chaja na saketi za umeme za ubao. Kwahiyo kama umejiridhisha kabisa kwamba ni sensa inayodanganya, sawa, itoe. Kama ni chaja isiyojulikana, usiitoe ukaenda kulala.

Inaanza kwa kishindo, nusu dakika baadae inazubaa

Hii sio ugonjwa. Unarenda video (mashine inatengeneza faili la mwisho baada ya kuedit), sekunde 20 za kwanza iko 3.4, halafu inashuka 2.4 hivi na joto liko 75 tu, unaanza kulaani. Angalia Limits, PL1 imewaka.

Intel inaipa mashine viwango viwili vya wati. PL2 ni cha muda mfupi, kwa hizi za wati 15 kampuni nyingi zinaweka kati ya 25 na 44. PL1 ni cha kudumu, mara nyingi ndo hizo 15. Na kuna muda wa kuvumilia, mara nyingi sekunde 28, ukiisha inarudishwa kwenye PL1. Ni kama mtu anayekimbilia daladala, mita mia anaziweza vizuri sana, ila usimwambie akimbie hivyohivyo mpaka Kibaha.

Kwahiyo kabla hujabadili chochote jiulize kazi yako ni ya aina gani. Kuvinjari, Excel, kuandika, hizo zote zinaishia ndani ya zile sekunde na PL1 hutaiona maisha yako yote. Anayerenda video na programa anayekompaili kodi zake ndo wanaumia.

Cha kufanya, kwanza weka Power mode kwenye Best performance, halafu kama kampuni imeweka programu yake ya kuchagua mwendo wa feni ingia huko pia, mara nyingi programu hiyo ndo inaamua PL1 na sio Windows. Kama bado unataka zaidi, ThrottleStop kuna kitufe TPL, unaweza kupandisha PL1 kutoka 15 kwenda 20. Panda wati mbili mbili, kila hatua dakika kumi za mateso, ukifika sehemu joto linapita 90 rudi nyuma. Mashine nyingine utaweka 20, baada ya dakika inarudi 15 yenyewe, hapo kuna chipu kwenye ubao inayosimamia umeme na imekataa, usibishane nayo. Wenye AMD kuna RyzenAdj inafanya kazi inayofanana, na yenyewe mara nyingi mashine inarudisha viwango vyake kila ukichomoa chaja.

Ukiona EDP ndo imewaka na sio PL1, hapo ni kikomo cha ampia, saketi inayoilisha prosesa imefika mwisho. Acha hapohapo. Hakuna kitu cha kushinda pale zaidi ya ubao kuungua.

Inapiga 97, 98, 100, kasi inapanda na kushuka kama bembea

THERMAL au PROCHOT imewaka. Hizi i5 na i7 za kizazi cha 8 kikomo chake ni 100, AMD za laptopu nyingi 95 au 105. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe kwa sisi tunaokaa Dar, Mombasa, Tanga, manake prosesa haipozwi chini ya joto la chumba. Wale wanaopima laptopu Ulaya wanakaa kwenye chumba cha nyuzi 22, wewe mchana wa Januari uko kwenye 32, zile 10 zote zinahamia kwenye prosesa karibu zilivyo. Mashine iliyokuwa inacheza na 88 kule huku kwetu iko 98 bila kosa la mtu.

Anza na vya bure. Itoe kitandani na kwenye mto, nyingi zinavuta hewa kwa chini. Inyanyue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa, usicheke, jaribu kwanza halafu uangalie HWiNFO. Sikiliza feni, kama haigeuki kabisa au inakwaruza, feni imekufa na hamna programu itakayokusaidia.

Halafu vumbi. Kupuliza kwa nje kwenye matundu kunasogeza tu, uchafu wenyewe unakaa kama blanketi kati ya feni na yale mapezi ya shaba, unatakiwa ufungue kifuniko cha chini. Ukifungua, cha kwanza kabisa chomoa plagi ya betri kwenye ubao. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza, ukiyaacha yazunguke kwa kasi ya blowa unaua beringi.

Baada ya vumbi ndo pesti, ile ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Laptopu ya miaka mitano ambayo haijawahi kufunguliwa mara nyingi utaikuta imekauka kama chokaa. Skrubu za chuma cha kupoza zimeandikwa namba, unalegeza ukianzia namba kubwa, unafunga ukianzia 1, kidogokidogo kwa zamu ili kisikae upande. Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, paka mpya nyembamba ifunike kile kioo chote cha chipu. Usiweke dawa ya meno. Najua kuna video, inafanya kazi siku mbili halafu inakauka na maji yake yameshaingia kusiko. Na ile pesti ya metali ya maji, kama hujawahi kuishika usijifunzie kwenye mashine yako, inapitisha umeme na inakula alumini.

Kuna mtu atauliza friza. Julai 2018 MacBook Pro mpya ya inchi 15 yenye i9-8950HK ilitoka, Dave Lee wa YouTube akaonyesha inarenda taratibu sana, akaiweka kwenye friza na ikarenda haraka zaidi. Tarehe 24 mwezi huohuo Apple wakatoa apdeti wakisema kulikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani ya kusimamia joto. Kwahiyo ile friza ilikuwa kipimo cha kuthibitisha kwamba joto ndo tatizo, sio dawa. Huku pwani ukitoa kitu kwenye friza kinatoka jasho kabla hujakifikisha mezani, na jasho hilo linakuwa ndani ya ubao pia.

Kwa wacheza gemu: kwenye laptopu nyingi prosesa na kadi ya picha zinatumia bomba moja la kupoza, kadi ikichemka inamchemsha na jirani. Kwenye mipangilio ya gemu weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde uone prosesa itakavyopumua.

Haipandi juu ya base kabisa, na haijachemka, na chaja ni nzima

Mara nyingi kuna mtu aliizima turbo akasahau, na kama umenunua used mtu huyo humjui. Control Panel, Power Options, mipangilio ya juu ya mpango wako, Processor power management, angalia Maximum processor state. Ikiwa 99 badala ya 100 turbo imezimika, hiyo asilimia moja tu. Kama husomi vizuri pale, fungua Command Prompt kama msimamizi andika `powercfg -restoredefaultschemes` itarudisha mipango yote ya umeme ilivyokuwa kiwandani. Cha pili, BIOS, tafuta Turbo Boost kama imewashwa. Cha tatu, Battery saver imewaka.

Ukimaliza vyote hivyo bado, fungua Event Viewer utafute Kernel-Processor-Power namba 37. Ile inasema mwendo unazuiwa na programu ya ndani ya mashine, kwahiyo Windows imeshanawa mikono, fanya apdeti ya BIOS kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, chaja imechomekwa na betri ina chaji. Umeme ukikatika katikati ya apdeti mashine ina betri, ila kama betri yako ndo ile ya dakika tano usithubutu.

Nimeweka ThrottleStop au XTU (programu ya Intel ya kurekebisha kasi na volti), slaida za kijivu, hazisogei

Hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya. La kwanza, kupandisha kasi juu ya turbo. Prosesa nyingi za laptopu zimefungwa kiwandani, zote zenye herufi U mwishoni mwa jina na zenye H ya kawaida, huwezi kuivusha i5-8250U juu ya 3.4 hata ukeshe. Intel zilizoachiwa ni zile zenye HK mwishoni kama i7-7820HK, i9-8950HK, i9-9980HK, na baadae HX. Kama yako haina herufi hizo biashara ya kuovakloki imeishia hapa.

La pili ni kushusha volti, undavolti, na hili ndo lenye faida kwa laptopu. Nguvu inayoliwa inaenda na mraba wa volti, kwahiyo ukishusha kutoka volti 1.00 hadi 0.92 kwa kasi ileile, 0.92 mara 0.92 ni 0.85 hivi, umeokoa karibu asilimia 15. Mashine iliyobanwa kwenye wati 15 inaichukua hiyo akiba inaigeuza kuwa kasi. Umepata mwendo na umepunguza joto kwa mpigo.

Mbona slaida ya volti imefungwa basi? Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza shambulio waliloliita Plundervolt, wanacheza na volti hizohizo ili kuiba siri zilizofichwa ndani ya prosesa. Intel na watengenezaji wakaifunga kwa apdeti za BIOS, na mashine nyingi za kuanzia kizazi cha 10 na 11 zimefungwa tangu kiwandani. Kuna wanaorudisha BIOS ya zamani ili wafungue. Mi siwashauri kwa mashine ya kazi, kwanza mlango waliofunga wale ni wa usalama kweli, pili kuna mashine zinakataa kurudi nyuma na ukilazimisha unabaki na tofali, yaani mashine isiyowaka tena. Kabla hujafika huko angalia kama Memory integrity imewashwa kwenye Windows Security, wakati mwingine yenyewe ndo inayozuia.

Nimeshusha volti, sasa inaleta skrini ya bluu

Umeshusha sana. Ukisoma CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT au WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR hamna haja ya kutafuta mchawi mwingine. Shikilia kitufe mpaka izime, iwashe, volti zimerudi za kiwandani zenyewe ili mradi hujaiweka ThrottleStop ijifungue na Windows. Kwahiyo usiiweke ijifungue mpaka imekaa wiki bila kuanguka. Anza na milivolti 50 chini, sehemu za Core na Cache ndani ya ThrottleStop uzipe namba ileile, shuka kumi kumi. Na usijidanganye kwamba imepita Cinebench basi imepona, nyingi zinaanguka zikiwa zimepumzika, umeacha ukurasa mmoja wazi unakunywa chai, unarudi unakuta bluu.

Hapa weka bisibisi chini

Tachipadi (ile sehemu ya kugusa badala ya mausi) imenyanyuka au kifuniko cha chini kinabonyea kama mto, betri imevimba. Zima, chomoa, usiitoboe, usiibonyeze irudi, usichaji hata kidogo, peleka kwa fundi.

Harufu ya kuungua, au kichwa cha chaja hakishikiki kwa moto. Mashine inazimika pap kama umekata swichi huku HWiNFO inasoma 60 au 70: joto la prosesa halizimi mashine kwenye 70, hiyo ni hitilafu ya umeme kwenye ubao, na kila ukiiwasha tena kujaribu unaongeza gharama. Umebadilisha pesti na sasa inaruka 100 sekunde ileile unapoiwasha, chuma hakijakaa au umepasua kona ya chipu, usiiwashe mara ya tatu.

Ukienda kwa fundi usimwambie ni nzito. Mpe picha ya kile kidirisha cha Limits mashine ikiwa kazini, picha ya HWiNFO yenye joto na wati, na uende na chaja yako unayoitumia kila siku, hata kama unaionea aibu.